Hodi ya Tatu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Dar es Salaam, wenye viatu na wasio na viatu, kwamba Serikali imeliona tatizo la watu wanaorudi kutoka Ulaya wakiwa wamesahau kwao, na imelifungulia ofisi. Ofisi ya Kuwazoesha Waliorudi iko karibu na Mnazi Mmoja. Ina vyumba viwili, askari mmoja na muhuri mmoja. Muhuri nakaa nao mimi, Mauza binti Azzan, mjane, niliyesoma mpaka darasa la nne. Niliteuliwa mjumbe kwa sababu sidai posho.

Kazi yetu ni nyepesi. Mtu akishuka melini huchukuliwa bandarini, akawekwa chumba cha pili mpaka athibitike kuwa ameshazoea nyumbani. Hapo hugongewa cheti, akaruhusiwa kwenda nyumbani kuzoea.

Mwezi uliopita alishuka Saif, aliyekuwa Uingereza miaka mitatu akisomea ualimu. Nilikiarifu kikao kwamba mtahiniwa namfahamu, maana nilimzaa. Mwenyekiti wetu, Bwana Aristides, akaandika: "Uhusiano wa mbali. Hawajaonana miaka mitatu."

Bwana Aristides ni mtaalamu. Alikaa Ulaya wiki tisa, mwaka wa hamsini na moja, na koti la sufu alilorudi nalo hajalivua hata kwa joto la mwezi wa pili.

Jaribio la kwanza, Saif alipelekwa bombani Kariakoo achote maji. Hapakuwa na mtu. Akasimama kwenye foleni peke yake. Kisha akamwambia muuza kahawa, "Leo kuna jua." Muuza kahawa akatazama juu, akajibu, "Hata jana lilikuwepo, bwana mdogo. Huna habari nyingine?" Akaandikiwa sifuri mbili.

Nikamwendea Mwenyekiti. "Bwana, Ijumaa nyumbani kuna hitima. Baba yake Saif anatimiza mwaka. Alizikwa mtoto yuko ng'ambo. Na hitima nayo isomwe hayupo?"

"Mpeni marehemu salamu za Ofisi," akasema. "Utaratibu ni utaratibu, Bi Mauza. Ila Alhamisi kuna mtihani wa vitendo. Akifaulu, mchukue."

Mtihani ulitaka nyumba halisi ya Kariakoo. Ikapigwa kura. Nyumba iliyojitokeza ilikuwa moja, yangu. Nikaagizwa nikae ndani nyuma ya pazia la mlango, na nisijibu neno hata nikiitwa. Uani, mpangaji wangu Zeina alikuwa anaosha nywele, kichwa wazi. Yeye hakuambiwa, kwa kuwa mtihani ni siri.

Saa nne kamili nikasikia viatu barazani.

"Hodi."

Miaka mitatu sijaisikia sauti ile. Imekuwa nzito, imekuwa ya baba yake. Nikauma upindo wa kanga.

"Hodi wenyewe!"

Nikavuta tasbihi.

"Hodiii!"

Viatu vikageuka, vikaanza kushuka ngazi. Ndivyo tulivyomlea: hodi tatu, usipojibiwa rudi ulikotoka. Mwanangu anaondoka mlangoni kwa mama yake, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, na mama yake anamsikia. Nilimwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa utii wangu.

"Unakwenda wapi?" Mwenyekiti, aliyekuwa akisimamia mtihani pale barazani, akafoka. "Sifuri!"

"Sijakaribishwa, bwana."

"Tumeafikiana saa nne! Palipoafikiwa saa hapahitaji karibu. Hebu tazama mtu aliyezoea nyumbani anavyoingia."

Akatazama saa yake, akasukuma pazia, akanipita, akakanyaga mkeka wangu wa kusalia kwa viatu, akatokea uani.

"Yarabi, mwanamume!" Zeina akapiga ukelele, na nyuma ya ukelele ikafuata ndoo nzima ya maji ya sabuni. "Wewe huna kwenu? Hata mbuzi wa Gerezani hulia kwanza ndipo aingie!"

Kikao cha dharura kilikaa papo hapo barazani, Mwenyekiti akichuruzika maji. Karani wetu Theophil akasoma Kanuni ya Tisa, aliyoiandika Mwenyekiti kwa mkono wake: mtu yeyote, wa cheo chochote, aliyekaa Ulaya kupita wiki nane, akionekana amesahau desturi, awekwe chumba cha pili mpaka athibitike.

"Mimi nilikaa wiki ngapi vile?" akauliza Bwana Aristides.

"Tisa, bwana," Theophil akajibu kwa heshima zote. "Hutusimulia kila asubuhi."

Kura mbili kwa moja, Mwenyekiti akapelekwa chumba cha pili. Koti likaanikwa kwenye kamba yangu. Nikamgongea Saif cheti. Nikagonga mara mbili, isije ikafutika.

Ijumaa Saif alikaa mkekani katikati ya wazee, akamsomea baba yake Yasini. Pilau ya hitima nikampelekea na Bwana Aristides, maana aliyefungiwa naye ni mgeni. Akanijibu kwa barua ya shukrani, yenye tarehe na namba ya jalada. Sifuri.

Jana nilikwenda kumtahini tena. Kwa mujibu wa kanuni zake, anabisha kutoka ndani, nami nimekaa nje na muhuri wangu, sijibu neno.

"Hodi," akasema.

"Hodi, Bi Mauza! Najua upo!"

"Hodi jamani!"

Nikashika muhuri. Nikamsikia anageuka taratibu, anarudi kitandani.

Nikaandika kwenye jalada: anaanza kuzoea.