Nzi Waheshimiwa wa Soko la Mbuzi

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, yaani mke wangu Muslimo. Waheshimiwa wanangu na wakwe zangu mlioketi mikekani. Daktari uliyenipa wiki moja ya kuishi na sasa unaangalia saa. Na wewe Amino, mfugaji wa kuku, uliyeitwa kitandani pangu bila kuelezwa sababu: protokali zote zimezingatiwa. (Makofi ya watu wawili.)

Mimi, Mohamednoor, mkurugenzi mstaafu wa taka, niliiletea Garissa mradi wa kisasa, shirikishi na endelevu, ambamo jamii yenyewe ingefuga nzi askari, wale weusi wembamba wasiouma, ili funza wao wale maganda ya tikiti na matumbo ya machinjioni, kisha kuku wawale funza. Na kwa mujibu wa ripoti yangu, asilimia tisini na tatu ya taka za soko la mbuzi ilitoweka ndani ya robo mwaka, jambo ambalo Wajir hawajaliota wala Ijara hawajalisikia. (Muslimo: "Zililiwa na mbuzi na korongo!") Mheshimiwa mwenyekiti, mbuzi na korongo ni washikadau. (Kicheko. Msemaji anakohoa, anapewa maji.)

Nilifungua semina nne. Utepe niliukata mara mbili, maana mara ya kwanza picha haikutoka. (Makofi.)

Sasa kipengele cha changamoto. Wageni wa Nairobi walipotangaza kuja kukagua, nzi askari pekee niliowajua mjini walikuwa wa Amino: ndoo saba nyuma ya banda lake, alizozianzisha mwenyewe. Nilimwomba azilete kwenye uwanja wa soko ziwe mradi. Akakubali. Nami, kwa kuzingatia hadhi ya wageni, nikaamuru uwanja upuliziwe dawa ya kuua nzi. Kisha nikaandika kwamba nzi wale walikufa kwa uzembe wa mfugaji, nikataja jina lako, Amino, ndiyo maana umenyimwa kiwanja kila ulipoomba.

(Amino: "Adeer, ami yangu, miaka sita nilidhani ni joto lililowaua!")

Si joto. Kwa hiyo, mabibi na mabwana: taka ni mali! Funza oyee! Nawashukuru kwa kuhudhuria mradi ambao haukuwapo, ila ndoo saba, nazo niliziua. Barua ya kusahihisha ripoti iko chini ya mto, nimeitia saini. Amino, nisamehe, nihalalishie dhuluma hii.

(Amino anaivuta barua, anaisoma hadi mwisho.)

"Adeer, hapa umeandika ndoo sita. Sahihisha, nami nimekuhalalishia."

(Kalamu inatafutwa. Makofi.)