Mke Wangu Hajahama

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Chai bila sukari. Mdadisi amerudi. Ni yule kijana Paschal wa mradi wa utafiti, mtu wa Bukoba, mwenye kishikwambi na viatu visivyoogopa vumbi la Kibiti. Kila baada ya miezi kadhaa hupita nyumba kwa nyumba: nani kazaliwa, nani kafa, nani kaoa, nani kaachika, nani kahama, nani kahamia. Kazi ya umbea, ila yeye ana kitambulisho shingoni.

Akauliza mke wangu Muzdalifa yuko wapi. Nikasema sokoni. Akasema atamngoja. Akakaa barazani saa nzima akinywa maji yangu.

Ukweli ni kwamba Muzdalifa yuko Ruaruke kwa kaka yake Zaidi, tangu siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Amesusa. Kisa ni ndege. Ilikuwa zamu yangu kulala dunguni, kile kibanda cha juu ya miti, niamie ndege kwenye mpunga wetu kule bondeni Ndundu. Nikafikiri, mtu mwenye akili hana haja ya kuwepo mwenyewe. Nikatengeneza sanamu la kutishia ndege, nikalivika shati langu la drafti na kofia, nikaja mjini kuangalia mpira. Ndege wakala shamba zima. Waliochoka walipumzikia juu ya kofia.

Mume mwingine angemfuata mkewe na mshenga, aombe radhi mbele ya wakwe, yaishe. Mimi? Niombe radhi kwa makosa ya ndege? Sikuwatuma.

Sasa balaa. Paschal kanieleza kwamba mtu akikaa nje ya kaya zaidi ya miezi minne, anaandikwa amehama. Nikahesabu vidole vyangu, nikakuta zimebaki kama wiki mbili tu. Akishaandikwa, basi tena. Mwanamke aliyehama ni mwanamke anayeweza kuposwa, na Husseini fundi cherehani kila nikipita kwake ananiuliza Muzdalifa atarudi lini. Simtaki mke mwingine. Namtaka huyuhuyu anayeninunia.

Paschal atarudi Jumatano. Amesema lazima amwone mwenyewe.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango ulikuwa mzuri. Tatizo ni watu.

Dada yangu Mwanaamina alikubali kuwa mke wangu kwa nusu saa, kwa sharti nimpasulie kuni. Nikampasulia. Nikamfunga ushungi mpaka machoni. Nikamwomba ajibu kwa kifupi. Dada yangu hajajibu kitu kwa kifupi tangu azaliwe. Alipoulizwa amezaa mara ngapi akasema sita, kisha akaanza kusimulia uchungu wa kila mmoja, hadi yule aliyetanguliza miguu. Mimi na Muzdalifa tuna mtoto mmoja tu, Zaitun, kaolewa Mbuchi.

Paschal alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa heshima zote kwamba watoto hao sita alishawaandika wiki iliyopita, nyumba ya tatu kutoka hapa, wakiwa na baba mwingine. Kisha akashusha sauti, akaniuliza kama nimemwoa dada yangu.

Mwanaamina akacheka hadi ushungi ukamtoka. Nikamwambia Paschal ulikuwa mtihani, nilitaka kujua kama anafanya kazi yake vizuri. Akashukuru. Akasema atapita tena wiki ijayo. Kijana ana adabu inayoudhi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimegundua kosa langu. Nilitaka kuleta mke wa bandia wakati wa kweli yupo. Kinachotakiwa ni sababu ya kumleta. Na mgonjwa hamfuati mtu, hufuatwa. Kwa nini sikuwaza hivi mapema?

Alfajiri nikajilaza. Mwanaamina akapiga simu Ruaruke kusema niko taabani. Kabla ya adhuhuri nyumba ilijaa. Hapa kwetu ugonjwa si wako peke yako. Kina mama walileta uji, wazee wakaanza Yasini, na mimi niko chini ya mablanketi matatu katika joto hili. Jasho likanitoka kama mtu aliyetumbukia mtoni. Wote wakasema homa inashuka, alhamdulillahi. Ikabidi nitetemeke upya.

Husseini naye alikuja. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni kama anayekadiria kitambaa. Akauliza tena habari za Muzdalifa. Nikaguna kwa nguvu mpaka mzee mmoja akapoteza aya aliyokuwa akiisoma.

Muzdalifa hajaja. Usiku nimekula uji wa watu wanne.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amekuja shemeji Zaidi, peke yake. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanipa pole, akaniuliza kwa huruma ninatamani kula nini. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayekata roho, wali wa nazi na kamba, na kachumbari kidogo kama ipo. Pilipili wasisahau.

Zaidi akatoa simu, akasema neno moja, mzima, akakata. Kumbe alitumwa. Muzdalifa alimwambia nikikosa jibu basi ninaumwa kweli, atakuja mbio; nikitaja wali wa nazi, aniache na ndege wangu.

Nikatoa mablanketi. Hakukuwa na haja tena. Zaidi akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba mdadisi mwingine wa mradi wa Paschal, yule anayezunguka Ruaruke, alipita kwao juzi. Akamwuliza Muzdalifa kama amehamia pale. Muzdalifa akajibu hapana, amekuja kusalimia tu, kwake ni Kibiti kwa mume wake. Zaidi akashangaa ni salamu gani hizo zisizokwisha tangu Idi. Muzdalifa akamwambia mume wake akija kumwomba radhi ataondoka naye siku hiyohiyo. Ila aje mwenyewe.

Niligeukia ukutani, nikalia. Si sana. Miezi yote hii nilidhani amenichoka, kumbe alikuwa ananingoja.

Jumapili, 13 Oktoba

Ruaruke. Nilikwenda na mjomba, ndiye mshenga wetu tangu siku ya posa. Tulipanda bodaboda moja, mshikaki, mimi katikati. Njia nzima mjomba ananifundisha maneno sikioni: nimekosa, nisameheni, sitarudia. Akasema hata kasuku angeyaweza. Nikamwambia asiwe na shaka.

Tukakaribishwa mkekani. Wakwe wote wapo. Mjomba akafungua kikao vizuri, akaniachia mimi. Nikafumbua mdomo. Nikajisikia nikisema kwamba mwaka huu ndege walikuwa wengi kupita kiasi, kwamba hata watu wenye manati walishindwa, kwamba sanamu langu kwa ubora wake lingefaa kuigwa na wakulima wengine. Wakwe wakatazamana. Nikaona nimalize. Nikasema, kwa niaba ya ndege, naomba radhi.

Mjomba akavua kofia, akajifunika nayo uso. Zaidi akaangalia dari.

Halafu nyuma ya pazia nikasikia kicheko. Ni chake. Sijakisikia tangu kabla ya Idi, na nilikuwa nimesahau kwamba kikianza hakizuiliki. Muzdalifa akatoka akifuta machozi kwa upindo wa kanga, tayari amevaa viatu. Akawaambia kaka zake kwamba mtu wa namna hii haachwi peke yake muda mrefu, atakuja kujiumiza. Wakanitoza faini ya mbuzi. Nimekubali. Sina mbuzi.

Jioni, kabla ya kufika nyumbani, alipita kwa Husseini kuchukua gauni lake lililoshonwa tangu Idi. Fundi alikuwa anataka tu gauni liondoke dukani. Hata hivyo simwamini.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku niliyoingoja. Nilivaa kanzu. Paschal akaja, akamkuta Muzdalifa barazani, mzima, mwenyeji, hajahama kwenda popote. Nilimtazama kijana usoni kwa ushindi. Yeye akafurahi tu, akaomba maji.

Maswali yakaanza. Wa kwanza kuandikwa ni mkuu wa kaya. Akauliza ni nani. Nikakohoa kusafisha koo. Muzdalifa akasema, mimi.

Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Paschal akaeleza kwamba mkuu wa kaya ni yule ambaye wanakaya wenyewe wanamtambua, si lazima awe mwanamume. Akauliza mabati ya nyumba alinunua nani. Muzdalifa. Mpunga hupandwa lini, anaamua nani. Muzdalifa. Nani alisimamia harusi ya Zaitun. Muzdalifa. Paschal akanigeukia mimi, aniulize wanakaya wangapi walilala hapa jana, na nikajisikia nikisema, mwulize yeye.

Basi imeandikwa. Yeye mkuu wa kaya. Mimi mume wa mkuu wa kaya. Nilimwomba Paschal afute, akasema kishikwambi kimeshatuma. Mwanaamina alikuwa uani anaokota kuni, kwa hiyo kufikia magharibi mtaa mzima unajua. Kwenye kahawa wameniuliza kama nimepewa ruhusa ya kutoka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sikulala. Nimewaza, na nimeona mwanga. Alichofanya Muzdalifa ni nini? Aliondoka. Mtu akiondoka anathaminiwa. Mimi kosa langu lote ni kukaa hapahapa kila siku, nikionekana bure.

Kwa hiyo leo ninasusa. Ninahamia kwa Mwanaamina, na sirudi mpaka Muzdalifa anifuate na mshenga, aombe radhi mbele ya dada yangu, na anirudishie ukuu wa kaya yangu. Nimemwambia asubuhi, nimesimama, kwa ukali.

Hakubisha hata kidogo. Amenitolea begi mwenyewe, akanikunjia mashati yote, akaongeza na blanketi. Nadhani ameshaanza kuogopa.