Uzinduzi wa Mlango wa Mababu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, aliyepata udhuru na kuniachia kiti chake, kwa hiyo pia ni mimi. Waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wakuu wa idara, na makaimu wa makaimu. Wadau wote wa nasaba. Bibi yangu mzaa mama, niliyemtengea kiti cha mbele ili ajionee matunda ya malezi yake. Fundi vipaza sauti. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu wanne. Anasubiri. Makofi ya watu sita.)

Leo ni siku ambayo wajukuu wa wajukuu zenu watawasimulia wajukuu zao, endapo watakuwa wamethibitisha kwamba ni wajukuu. Kwa muda mrefu mtu akidai uraia na pasipoti kwa kuwa babu au bibi yake ni mzaliwa wa nchi hii, alirushwa dirisha hili hadi lile kama mpira wa makaratasi. Mimi mwenyewe ni raia kwa njia hiyo, kupitia bibi yangu huyu, na ingawa sikurushwa popote kwa sababu dirisha lilikuwa langu, uchungu wenu naujua. (Bibi anapunga mkono.) Ndipo ofisi yangu, kwa mtazamo wa kimkakati na mchakato shirikishi unaozingatia sistimu ya kidijitali yenye mwelekeo wa kuelekea mbele, ikabuni projekti hii ya Mlango wa Mababu. Mlango wenyewe ni huu nyuma yangu, wa mbao ngumu, umefungwa utepe wa buluu, na haya maturubai kulia na kushoto ni ya kuzuia vumbi, si macho, kwa hiyo wanaochungulia waache. Humu unaingia asubuhi ukiwa mgeni, mchana unatoka mwenyeji, na jioni unalalamika kama sisi. (Kicheko.)

Utafiti wetu wa kina, uliofanyika katika semina ya wiki nzima kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, umebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya watu wana babu. Hiyo nne ya ziada ni wale wenye babu wawili. (Sauti: "Kila mtu ana babu wawili!") Asante kwa fidibeki, tutaiingiza katika awamu ya pili.

Changamoto hazikosi. Mfano ni mama yetu huyu, fundi cherehani, aliyekuja na mkasi wa kukatia utepe. Babu yake mzaa baba alizaliwa mtaa huuhuu, ila mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na hadi leo hana pasipoti. Anaitaka ili akamwone mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyeolewa mbali. Mtoto ameshaota meno mawili, na bibi yake hajambeba hata mara moja. (Sauti za huruma.) Niliguswa, ndugu zangu, niliguswa kweli. Lakini huruma si kielelezo. Katika usaili afisa wetu alimwuliza, "Marehemu babu yako alikuwa anakuitaje?" Mama akajibu kwa kinywa chake mwenyewe, "Mke wangu." (Kicheko kirefu.)

Msicheke! Hayo ni maelezo rasmi. Kwa mujibu wa kanuni zetu, mama si mjukuu, ni mjane. Na mjane hapiti Mlango wa Mababu, anapita Mlango wa Ndoa, ambao bado haujapata seremala. (Mama fundi: "Mheshimiwa, si utani wa babu na mjukuu huo! Kwani wewe hukutaniwa?") Mama, ofisi haina utani. Tena alijitetea kwamba hata bibi yake alikuwa akimwita "mke mwenzangu". Jamani, anatuletea na shahidi! Na huyo mjukuu wa meno mawili, mama anamwitaje kwenye simu? "Mume wangu." Maana yake mbele ya sheria mama ni mjane aliyeolewa tena, na mtu asiyejua kutambaa.

Sheria ni msumeno, ndugu zangu, hukata mbele na nyuma. Anayeitwa mke na babu ni mke, anayeitwa mume na bibi ni mume, awe mkubwa awe mdogo, hata ningekuwa mimi! (Makofi. Kisha bibi, kutoka kiti cha mbele: "Mume wangu, maliza basi, jua linaniunguza!")

(Uwanja mzima unaangua kicheko.)

Bibi... Bibi, nakuomba. Fundi vipaza sauti, hiyo ilisikika? (Fundi vipaza sauti: "Mpaka sokoni, mheshimiwa." Mama fundi: "Hongera ya ndoa, mheshimiwa!") Tulieni! Kwa mamlaka niliyonayo, kabla hayajaniponyoka, natamka kwamba kanuni ile ilikuwa ya majaribio, na majaribio yamefana. Mama fundi ni mjukuu! Nami pia ni mjukuu! (Vigelegele.) Mama, kata utepe, uingie wa kwanza.

(Mama fundi anakata utepe, anafungua mlango, anaingia. Sauti yake kutoka nyuma ya turubai: "Mheshimiwa, mbona huku ni uwanja mtupu? Kuna mbuzi tu!")

Mbuzi huyo si mtumishi wetu. Nashukuru kwa swali zuri, mama. Jengo ni mchakato, na mchakato huanzia mlangoni. Mlango wa Mababu! Mnajibu, uko wazi! Mlango wa Mababu! (Umati: "Hauna nyumba!")

Kwa hayo machache, namshukuru seremala aliyetuazima mlango, na mteja aliyeununua asiwe na wasiwasi, unang'olewa sasa hivi. Nawashukuru wanasemina, ambao bila wao fungu la ujenzi lisingekwisha kwa wakati. Mama fundi, wapi na huo utepe? Tunauhitaji, wiki ijayo tunazindua mlango mwingine wa kuazima mtaa wa pili.

(Mama fundi, akitoka mlangoni huku akiukunja: "Utepe ni wangu. Niliutoa kwenye kofia ya mume wangu mdogo. Naenda kuushona tena, angalau kofia ifike." Hakuna anayecheka.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Bibi, twende nyumbani.

(Bibi anajiinua kwa mkongojo, anamshika mama fundi mkono. "Mimi naondoka na huyu. Na wewe, mume wangu, kuanzia leo nimekuacha.")