Vita vya Mkanda wa Presha na Salamu za Mama Mkwe

Uvumi ulianzia bombani, ukamfuata Mama Wasiwasi nyumbani, ukakataa kutoka: kwamba ile mashine ya presha inayojikaza yenyewe ikishakamata mkono wa mzee haiuachii mpaka mshipa upasuke. Basi tegeni masikio, enyi wenye wazazi na enyi mtakaozeeka, mpate khabari za Mama Wasiwasi, mke wa fundi cherehani, mlinzi wa sufuria, mwenye kuhesabu watoto wake hata wakiwa mbele ya macho yake, jinsi alivyomsindikiza mama mkwe wake zahanati akarudi na ushindi.

Pambano la kwanza walishindwa vibaya. Bibi, ndiye huyo mama mkwe, aliketi na sweta lake, mguu juu ya mguu, mkanda ukafungwa juu ya sweta. Chumba kile mlango wake ni pazia tu, na kila aliyepita aliangusha shikamoo. Na Bibi, malkia wa salamu, tangu azaliwe hajaacha hata moja ikalala chini.

“Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Na lile goti lake?”

Mashine ikatoa hukumu: mia na sabini na nane kwa tisini na sita.

“Ikirudi hivi, daktari ataongeza dawa,” muuguzi akasema.

Moyo wa Mama Wasiwasi ukashuka hadi kwenye kandambili. Mara ya mwisho dawa zilipoongezwa, Bibi aliinuka kitandani, kizunguzungu kikamtupa sakafuni kama gunia la mkaa.

“Lakini namba hii siiamini,” muuguzi akaendelea. “Bibi, vua sweta. Egemea kiti, miguu yote chini, mkono mezani usawa wa moyo. Pumzika dakika tano, halafu tupime bila neno hata moja. Ukibanwa mpaka ukaumia, inua kidole, nitaizima.”

“Na mtu akiniamkia?”

“Usimjibu.”

“Mjukuu wangu, hata mchawi huitikiwa salamu.”

Ndipo Mama Wasiwasi aliposimama. Enyi wake za watu, nani kati yenu aliyewahi kumwambia mama mkwe anyamaze, akalala usingizi? Akanena: “Mama, uliyenipa mume ukanifundisha kuchambua mchele, leo niazime ulimi wako. Salamu zote za mlangoni zitapita kwangu.”

Bibi akavua sweta, akashusha mguu. “Haya, mkaza mwanangu. Ukiniaibisha, tutaonana nyumbani.”

Mama Wasiwasi akajipanga penye pazia, mikono ameitanua kama ngome. Dakika tano zilipotimia, nyuma yake mashine ikanguruma, mkanda ukavimba kama chatu aliyemeza mbuzi. Bibi akakunja uso. Uvumi ukamrudia Mama Wasiwasi, mkono ukamwasha kwenda kuung'oa ule mkanda. Akatazama kidole cha Bibi. Kimelala. Akajizuia.

Mara pazia likafunuliwa, akachungulia mzee mwenye bakora na ndevu nyeupe, wa umri wa kumzaa Mama Wasiwasi.

“Shikamoo, mama,” akamwamkia Bibi.

Bibi akavuta pumzi, midomo ikafunguka. Hapo, bila kusita, Mama Wasiwasi akaitwaa salamu ile hewani.

“Marahaba,” akamjibu mzee wa watu.

Mzee akamtazama juu mpaka chini. “Kumbe siku hizi watoto ndio wanaoamkiwa,” akasema, akaenda zake. Bibi aling'ata mdomo. Hakucheka. Mkanda ukapumua, ukalegea, ukauachia mkono mzima kama ulivyokuwa.

Mia na thelathini na mbili kwa themanini. Muuguzi akampumzisha, akapima tena. Namba ikaja jirani na ile. “Nitampelekea daktari hizi. Sioni sababu ya kuongeza dawa.”

Na iandikwe, isomwe na wajukuu: siku hiyo mkaza mwana alimnyamazisha mama mkwe, na nyumba haikuvunjika.

Basi wenzangu, jihadharini:

Usifunge mkanda juu ya nguo.
Usitumie mkanda mdogo kwa mkono mnene.
Usimpime aliyetoka kutembea, kunywa kahawa, au aliyebanwa na mkojo.
Usimwache akunje miguu, wala mkono uning'inie.
Usimsemeshe, hata kwa salamu.
Mkono wenye dripu, kidonda au uliofanyiwa upasuaji, usiufunge kabla ya kuuliza.
Usiongeze dawa wala kuiacha kwa sababu ya namba moja.