Kebo ya Peke Yangu

Jumapili, 2 Juni

Nimechoka na siku yenyewe haijaisha. Mke wangu ametoa habari asubuhi akipaka siagi mkate, kwa sauti ile ile anayoulizia chumvi. Kampuni yao inafunga tawi la hapa. Yeye ni mhasibu wao, na wamemwambia anaweza kuendelea na kazi akiwa nyumbani, mradi intaneti iwe ya kutegemewa. Jumamosi ya tarehe kumi na tano mkuu wake atampigia kwa video, wafanye kazi pamoja asubuhi nzima. Ikikatakata, atahamia makao makuu, mji mwingine kabisa, awe anarudi mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi! Na mimi nibaki na nani? Na mama mkwe, bila shaka. Anaishi nasi, na hajanisemesha kwa hiari yake tangu siku nilipomtengenezea redio.

Kwa sasa intaneti yetu ni simu yangu, imesimamishwa dirishani ndani ya kikombe. Ukiigusa inakata. Ukipita karibu ukiwa na haraka, inakata.

Mke wangu anasema jengo letu lina njia mbili tu: kebo, au DSL, ile inayopita kwenye laini ya simu. Ameniomba nichague moja nijiandikishe, basi. Kasema angeshughulika mwenyewe kama si hesabu za kufunga tawi. Nikamwambia aniachie mimi. Aliniangalia kitambo kabla ya kurudi kwenye mkate wake.

Jumatatu, 3 Juni

Mimi ni karani wa ghala la vigae. Nimeomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno, nikaenda kwa watu wa intaneti. Jino limeniuma kweli njiani. Ndiyo bahati yangu hiyo.

Kwanza duka la kebo. Binti aliyenihudumia kanieleza vizuri. Kebo ina kasi sana, lakini waya ni mmoja kwa jengo zima, wote mnanywea humo humo. Jioni kila mtu akifungua filamu yake, kasi inashuka. Akaongeza kitu kuhusu sharti, kwamba wanaingiza waya kwenye jengo iwapo nusu ya wapangaji watajiandikisha. Hapo nilikuwa nimeshaanza kuwaza, sikumfuatilia.

Kisha kampuni ya simu. Fundi wao ana uso wa mtu aliyeulizwa swali hilo hilo miaka mingi. DSL haina mbio za kebo, kasema, ila kila nyumba ina laini yake, jirani hakupunguzii kitu. Kinachoiua ni umbali kutoka kituo cha simu. Na kituo cha mtaa wetu kiko hapo kona, nyuma ya duka la viatu. Kwa mazungumzo ya video inatosha na kubaki.

Mtu mwingine angesaini pale pale akarudi kazini. Mimi nimekaa kwenye benchi la duka la viatu nikafikiri. Kebo ina kasi, tatizo lake ni majirani. Ondoa majirani, umebaki na kasi. Hakuna mtu katika jengo letu aliyewahi kufikiri hivyo. Nimerudi ghalani nikitembea kama meneja.

Jumatano, 5 Juni

Mkutano wa wapangaji, ukumbi wa chini, viti vya plastiki. Mwenyekiti ni jirani wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu ninayemwita Bwana Utaratibu, kwa kuwa hafungui mdomo bila kutaja utaratibu. Ndiye aliyeiondoa baiskeli yangu kwenye ngazi akaifunga kamba nje kama mbuzi. Sijasahau.

Ajenda ilikuwa intaneti. Nilijua watu wangetaka kebo, maana jengo la jirani wanayo. Bwana Utaratibu kaanza kusema kebo inaonekana nzuri. Nikaomba nafasi.

Nimeongea, jamani. Sijui maneno yalitoka wapi. Nimewaambia kebo ni bomba moja la maji na wote tunaoga saa moja. Nimewaambia DSL ni ndoo yako, umeichota mwenyewe, hakuna mwingine wa kuiogea. Fundi cherehani wa ghorofa ya tatu alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Bibi wa ghorofa ya pili kaniuliza je, atamwona mjukuu wake aliye ng'ambo. Nikasema atamwona mpaka kope.

Wamepiga makofi. Bwana Utaratibu kasema yeye siku zote hufuata uamuzi wa mkutano, akaanza kuandikisha watu hapo hapo, mwenyewe akiwa wa kwanza. Wote DSL. Nilipofikiwa nikasema mimi na mke wangu bado tunashauriana.

Nimepanda ngazi nikiwa mwepesi. Kebo nzima, yangu. Mke wangu kauliza kama nimeshajiandikisha. Nikasema karibu.

Ijumaa, 7 Juni

Mafundi wa simu wameshinda jengoni tangu jana na ngazi zao. Kelele za kutoboa kuta. Mama mkwe ameweka pamba masikioni na kunitazama kana kwamba natoboa mimi.

Baada ya kazi nikaenda kwa binti wa kebo kusaini. Kabonyeza kompyuta yake, akabonyeza tena. Jengo letu limefutwa kwenye mpango. Aliyebaki akitaka kebo ni mimi tu, na kwa mtu mmoja hawaleti waya. Kanikumbusha kwa upole kwamba aliniambia sharti la nusu ya wapangaji. Kweli aliniambia. Nilimwona mdomo ukisema maneno hayo, nikiwa nawaza mambo yangu.

Nikauliza kama naweza kujiandikisha mara kadhaa. Mimi, mke wangu, mama mkwe. Kauliza kama mama mkwe ana nyumba yake humo jengoni. Nikasema ana chumba, na kwa tabia ni kama ana jengo zima. Hakucheka. Alikuwa anataka kufunga duka.

Jumamosi, 8 Juni

Si kitu. DSL ipo. Nimekwenda kwa fundi wa simu mapema, nimenyooka kama mwanafunzi. Kaja, kafungua sanduku la laini ukutani pale chini, kaniita nitazame. Limejaa. Kila nafasi ina waya wake. Ya mwisho imechukuliwa jana na Bwana Utaratibu, kwa ajili ya kibanda cha mlinzi, ili mlinzi naye asipitwe. Fundi kasema ni hotuba yangu iliyomgusa mwenyekiti.

Sanduku la pili linaweza kuletwa, ila kwa maombi na foleni. Inaweza kuchukua miezi. Fundi kauliza kwa nini sikujiandikisha siku ile na wenzangu. Nikamwambia ni hadithi ndefu. Kasema ana muda. Nikasema mimi sina.

Mke wangu kaniuliza mezani lini wanakuja kufunga. Nikasema wiki ijayo. Sikuweza kula sana.

Jumatatu, 10 Juni

Mpango mpya. Mtu mmoja akiachia nafasi yake, naingia mimi. Nikamchagua bibi wa ghorofa ya pili. Mzee, peke yake, anahitaji intaneti ya nini? Nimeshuka nimejiandaa kumwambia kwamba kile kisanduku cha intaneti walichomfungia ndani kinakausha maua. Ana maua mengi.

Kafungua mlango akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Kanivuta ndani kabla sijasema neno. Amemwona mjukuu wake jana. Kamwona meno yanayoota. Mtoto kambusu kioo, na bibi naye kabusu, na tangu jana hajakifuta kioo hicho. Kasema Mungu anibariki, kwamba bila mimi asingejua kitu kama hicho kipo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali.

Nimetoka na mfuko wake wa takataka, nikautupa. Maua sikuyataja. Huyo siwezi, nakiri.

Jumatano, 12 Juni

Nimejaribu kuvuta intaneti ya fundi cherehani kutoka chini yetu. Namba ya siri kanipa mwenyewe, kwa shukrani, na bado akanipa na ndizi. Tatizo ni zege la sakafu. Chumbani haifiki kabisa. Barazani inafika kidogo, ukiinama.

Nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa, nikaufunga kwa waya kwenye nondo za baraza, uangalie chini, uikinge intaneti na kuitupa ndani. Niliona fundi mmoja akifanya hivyo kwa antena ya televisheni. Upepo ukapita. Mfuniko ukaenda zake, ukatua mbele ya kibanda cha mlinzi, karibu na miguu ya Bwana Utaratibu. Kauokota, kaugeuza, katazama juu. Nikajifanya naanika soksi.

Kaupandisha mwenyewe mpaka mlangoni. Mama mkwe ndiye aliyefungua. Bwana Utaratibu kauliza kwa adabu kama kuna utaratibu wa vyombo kushushwa kwa njia hiyo. Mama mkwe kasema hapana, kuna mkwe tu. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyosema kunihusu mwaka huu.

Ijumaa, 14 Juni

Imejulikana. Fundi cherehani amekutana na mke wangu kwenye ngazi, kamsifia hotuba yangu, kamuuliza mbona sisi peke yetu ndio hatujafungiwa. Watu wema wana madhara yao.

Mke wangu kaniuliza moja kwa moja. Nikamweleza. Nilipofika pale pa kuwa na kebo peke yangu, nilijisikia mwenyewe nikiongea, na haikusikika kama nilivyoiwaza kwenye benchi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kauliza tu, je, mahali popote katika mpango huo kulikuwa na yeye. Nikasema wote ulikuwa kwa ajili yake. Kasema hakuomba kasi. Aliomba isikatike.

Kisha kavuta sanduku la nguo kutoka uvunguni, kalipangusa vumbi. Kaanza kukunja blauzi zake za kazini, moja juu ya nyingine. Mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda nikipokea hanga. Naogopa. Nimezoea kumsikia akikosoa habari za redio kutoka jikoni. Nyumba bila sauti hiyo siijui na sitaki kuijua.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi mke wangu kaamka, kaoga, kavaa blauzi moja aliyoitoa sandukuni. Kaichukua kompyuta yake kwapani, kashuka. Mke wa Bwana Utaratibu, kumbe, jana jioni alisikia habari zetu kwa fundi cherehani, akapanda kumwambia wana chumba kitupu cha mtoto wao aliyeoa, na laini ni nzuri, aje tu, dada.

Nimekaa kwenye ngazi asubuhi nzima. Kupitia mlango wao nilimsikia akitaja mapato na matumizi, mkuu wake akimjibu, bila kukatika hata mara moja. Sijawahi kufurahi na kukereka kwa wakati mmoja kiasi hicho. Kafaulu. Mkuu kasema laini hiyo ni safi kuliko ya ofisini. Kazi ni yake, haendi popote. Nikaingia chooni nikalia kidogo, kisha nikanawa.

Bwana Utaratibu kanishika mkono mbele ya watu pale ukumbini. Kanishukuru kwa busara yangu ya siku ile ya mkutano. Ikanibidi nimshukuru na yeye. Mke wangu atafanyia kazi hapo kwao kila siku mpaka sanduku la pili lije. Maombi kayaandika yeye mwenyewe, kayapeleka yeye mwenyewe. Mimi kanipa kazi moja: kusubiri.

Alhamisi, 20 Juni

Nina siku ya mapumziko na nyumba ni tupu. Mke wangu hushuka asubuhi na kikombe chake, chakula cha mchana hula na wenyeji wake, hupanda jioni akicheka vichekesho vya Bwana Utaratibu. Ana vichekesho, eti. Mama mkwe naye sasa hushinda huko, wanamfungulia tamthilia. Mimi nimebaki na simu na kikombe chake dirishani.

Jana mke wangu kaniambia anaona nimeanza kuwaza, nisiwaze. Kila kitu kinakwenda sawa. Kaniapisha. Nikaapa, na nilikuwa nimedhamiria.

Lakini leo nimefikiri jambo moja dogo. Sanduku limejaa kwa sababu wote wako DSL. Wakihamia kebo, nafasi zitakuwa tele, na mke wangu atafanya kazi hapa hapa, mezani petu, nami nimsikie. Mtu anahitaji tu kuwaeleza. Mkutano ujao ni Jumatano. Bwana Utaratibu akihama naye ni shauri lake, si yeye anayefuata uamuzi wa mkutano? Fundi cherehani nimeshamgusia kwenye ngazi kwamba DSL yake inaonekana inachoka. Kashtuka, kasema atamwambia mwenyekiti leo leo, mchana huu huu, waikate laini ya jengo zima ikaguliwe. Mke wangu bado yuko chini na simu ya mkuu wake ni saa tisa, kwa hiyo nina utulivu wa kutosha kuiandika hotuba.