Ombi la Kumhamishia Mjukuu Wangu kwenye Masomo ya Miamba

Segese, Msalala
Jumamosi, baada ya chai

Kwa Ndugu Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Siasa,

Niwie radhi kwa kukukatizia kazi zako. Mimi ni mgane wa miaka sabini na minane. Nilisoma shule ya misheni, ambako tulifundishwa kutolalamika kwa mdomo. Ndiyo maana naandika. Mjukuu wangu Asteria, mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, yuko likizo kwangu, na katika wiki tatu yametokea haya:

1. Siku aliyofika alipiga goti akaniamkia vizuri. Kabla marahaba yangu haijatulia, akauliza ni lini nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana. Sikuchaguliwa, Ndugu. Miaka kumi na tisa iliyopita mwenyekiti wetu alifariki, na ufunguo wa stoo ya masufuria na mabenchi ulikuwa mfukoni mwangu, kwa kuwa alikuwa amenituma benchi. Tangu hapo hakuna sufuria lililolalamika.

2. Tulichinja mbuzi kumkaribisha. Ini, nyumbani kwangu, ni la mzee. Asteria akawaambia wajukuu wapige kura. Wao ni saba, mimi ni mmoja. Nilikula utumbo, nikashukuru.

3. Amekiandikia chama katiba ya kurasa nne: mwenyekiti achaguliwe kwa kura ya siri, kila miaka mitatu, asizidishe vipindi viwili. Wanachama wameipitisha kwa makofi. Pantaleo, aliyebeba mabenchi miaka yote bila neno, sasa anagombea, na ule ukimya wake anauita uvumilivu wa kisiasa. Jirani yangu Mama Mbuke, aliyezoea kuniletea michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa kila Jumatano, amesitisha hadi matokeo yatangazwe, asije akaonekana anapendelea.

Uchaguzi ni kesho baada ya ibada. Nisamehe nikisema ukweli wote: tangu mke wangu Nelly atangulie, ufunguo ule ndio unaowafanya watu wabishe hodi kwangu. Nikiukabidhi, nitabaki naamkiwa na kuku.

Kwa hiyo nakuomba, wala sikuamuru, umhamishie Asteria kwenye masomo ya miamba. Bugarama, hapa jirani, kuna mgodi mkubwa, na anayejua mawe anaheshimiwa. Tena jiwe, hata ulikalie miaka kumi na tisa, halikuulizi nani alikuchagua.

Wafikishie salamu wahadhiri wote, walinzi wa geti, na mama wa kantini anayemlisha mjukuu wangu; huyo sina ugomvi naye.

Ni mimi, nisiyependa kusumbua,

Boaz Maganga
Mwenyekiti (hadi kesho)

N.B. Sikupata wa kumpa barua hii, nami nimeifungua tena leo Jumatatu. Nimeshinda, kura arobaini na moja kwa ishirini na mbili. Miaka yote hiyo sikujua kama watu wananitaka mimi au masufuria. Mama Mbuke ameleta michembe, na si Jumatano. Tafadhali usimhamishe Asteria popote. Ila katiba yake nimeisoma upya, na kile kifungu cha vipindi viwili kinanikosesha raha. Kwa heshima zote, je, namna ya kukiondoa mnawafundisha mwaka wa tatu, au nimngojee hadi ahitimu?