Kinanda cha Kijerumani

Jumatatu, 13 Oktoba 2025. Hayes, London.

Kamati ya kikundi chetu cha taarab imekaa bila mimi. Uamuzi: Jumamosi, harusini kwa Malak, binti wa jirani, mimi na Harith tutapiga vinanda kwa zamu. Atakayependeza ndiye atakayekalia kiti cha kinanda moja kwa moja. Kiti changu! Miaka kumi na moja nimekikalia! Harith ana kinanda kipya cha Kijapani chenye taa. Ananiita "mzee Shaame", na tumepishana miezi minne tu.

Sitoki ng'o.

Jumanne, 14 Oktoba

Dawa ya Harith imepatikana. Bi Pramila wa Stanmore, mjane, mzaliwa wa Mombasa, anatoa bure kinanda cha marehemu mumewe, aliyefundishwa kuunda vinanda na mafundi wa Ujerumani. Kaniambia kwenye simu kwamba hii kinanda mzuri sana, lakini hapana keys. Nikamwambia asijali funguo, kwangu hakuna wezi, sina haja ya kukifunga. Akarudia: hapana keys, bwana, hapana kabisa. Nikamwambia hata mlango wangu wa mbele kitasa kibovu mwaka wa pili sasa. Mama ana wasiwasi huyu!

Jumatano, 15 Oktoba

Miska, binti yangu, amekileta kwa van ya kazini kwake. Kabati. Vitufe vya kuzungusha, matundu, nyaya kama tambi. Miska kauliza, "Dad, where are the keys?" Nikamjibu hazipo, mwenyewe kanieleza mapema. Kisha nikazunguka nyuma kutafuta pa kupigia.

Hapo ndipo nilipofahamu keys zipi. Vile vibao vyeupe na vyeusi vya kubonyeza! Hakuna hata kimoja! Miska alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kashauri tukirudishe.

Hakirudi. Kamwe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimesoma daftari la marehemu. Kumbe mimi ndiye mwenye bahati! Wajerumani walijenga vinanda vya kanisani kwa mamia ya miaka, kila bomba na sauti yake. Umeme ulipokuja, baadhi ya mafundi wakaacha mabomba wakashika nyaya. Makabati ya mwanzo ndiyo kama hili langu: sauti unaiunganisha mwenyewe kwa waya, halafu unaizungusha mpaka pale unapotaka. Unapotaka! Basi hata ile robo ya sauti iliyojificha baina ya kibao na kibao, ambayo nyimbo zetu za maqamu ya rasti zinaililia, ninayo mimi. Harith na taa zake wataisikia kwa mbali.

Daftari linasema pia kiwashwe muda wa saa mbili kabla, kipate moto, la sivyo sauti itapanda yenyewe. Mambo ya mafundi hayo. Kikiwashwa mapema Harith atakiona. Kitakaa chini ya blanketi mpaka zamu yangu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Harith alianza. Makofi ya adabu, hakuna aliyenyanyuka kwenda kumtunza pesa. Nikaondoa blanketi. Mama mmoja aliuliza kama fundi wa boiler ya maji moto ndiyo kwanza anafika.

Nikawasha. Robo ya sauti ikatoka, wallahi, tamu. Mzee mmoja wa Pemba alifumba macho akatikisa kichwa. Dakika tatu nilikuwa mfalme.

Halafu ikaanza kupanda. Fidla, kwa heshima zao, zikanifuata. Bi Zainab, mwimbaji wetu, akazifuata fidla. Nikazungusha kitufe kushusha, nikazungusha kisicho chenyewe. Ubeti wa nne Bi Zainab alikuwa anaimba kwa ncha za vidole vya miguu. Wa tano sauti ikamkatika. Akashuka jukwaani, akasema yeye atafutiwe maji na mimi nitafutiwe daktari.

Harith akaumalizia wimbo. Tena vizuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 19 Oktoba

Kiti kapewa Harith. Mimi nimepewa rika, tari ndogo yenye njuga, niitikise nyuma kabisa, karibu na mlango. Nimekubali kwa shingo upande. Nililia kidogo garini. Kidogo tu.

Mchana Bi Pramila kapiga simu. Ile kabati, keys yake nimepata, kasema. Zote mbili. Zilikuwa jikoni, ndani ya kopo la biskuti.

Kopo la biskuti! Safu mbili nzima za vibao, na Wajerumani wamezikunja zikaingia kopo la biskuti! Halafu watu wananiuliza kwa nini nawaamini mafundi wale. Nimemwandikia Harith asikizoee kiti. Nimemwambia Miska aje na van kesho asubuhi, ile ndefu.